Picha ya Mama Mkwe

Chupa ya asali ilimponyoka Inamahoro pale sokoni Ng'ambo, ikammwagikia Venansi kwenye shati lake jeupe la Jumapili, mbele ya watu wote.

"Pole, kaka. Sasa umekuwa mtamu," alisema binti huyo, amependeza ndani ya gauni la kitenge cha kijani, akicheka bila wasiwasi.

"Basi nakaa hapa hapa mpaka nyuki waje."

Wakapeana namba. Kwa miezi mitatu Venansi hakunywa chai ya asubuhi kabla ya kumpigia. Jambo moja tu alikataliwa: kumsindikiza hadi kwao. Kila siku waliagana bombani.

"Kwetu utapajua siku ya posa, mpenzi."

Venansi alikuwa katibu wa jumuiya ya kanisani, na kazi hiyo aliipenda, hasa kupiga picha. Jumamosi moja wanajumuiya walipeleka unga na sabuni kwa mama mmoja mgonjwa wa miguu. Khanga yake ilikuwa imechanika begani.

"Mama, inua mfuko kidogo. Tabasamu! Hivyo hivyo."

Picha ikaingia kwenye kundi la jumuiya, amina zikamiminika. Venansi alikuwa bado anazisoma kwa raha zake simu ilipoita.

"Mpenzi, umeiona ile…"

"Venansi, yule ni mama yangu." Inamahoro alikuwa analia. "Sokoni wananionyesha picha yake. Usinipigie tena."

Venansi aliifuta picha, lakini ilishasambaa. Mkwe! Mtu wa kumsalimia kwa kuinamisha kichwa, yeye kamwamrisha atabasamu na mfuko kifuani. Aibu ilimshika hadi masikio yakawaka moto.

Kesho yake baada ya misa alikwenda kwa mama yule, simu kaiacha nyumbani. Inamahoro alimfungulia mlango, akamgeuzia kisogo.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi. Nimekuaibisha."

"Marahaba, baba. Mimi nilidhani kutabasamu ni sharti la unga," mama alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. "Ningekataa, tungelala njaa."

Machozi yalimtoka Venansi, wala hakuyaficha. Mama akamsogezea bakuli lililojaa unga ule ule.

"Mpelekee Josepha, mjane wa nyumba ya pili. Hana kitu. Usiseme umetoka kwa nani."

Alilipokea kwa mikono miwili. Josepha alimimina unga kwenye ndoo yake, kisha akauliza, "Nani kakutuma, mwanangu?"

"Nimetumwa tu, mama." Akaondoka haraka na bakuli tupu, uso chini, kabla hajashukuriwa.

Inamahoro alikuwa amesimama uani akimtazama. Akampokea bakuli.

"Shati lile lile la asali," alisema. Hakucheka, ila sauti ilikuwa imelainika.

"Nisamehe, mpenzi."

"Mama ameshakusamehe. Mimi bado." Akamshika mkono kidogo, akauachia. "Siku ya posa, waambie wazee wako waje bila simu."