Anayetua wa Mwisho

Mimi ni Corrine Tesdahl. Kazi yangu ni kukaa dirishani na kuandika majina ya watu wanaoruka kwa parachuti. Uwanja wetu uko katikati ya mashamba ya mahindi, huku Illinois. Nimekaa kwenye dirisha hili miaka kumi na tisa. Naona kila kitu, na mdomo wangu, Mungu anisamehe, hausinzii.

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi alifika Verlin Haugen. Verlin ana miaka hamsini na mitatu. Anaendesha gari la maziwa kutoka shamba hadi shamba.

"Siku nzima naongea na ng'ombe wa watu," aliniambia mara moja. "Wanasikiliza vizuri sana. Hawajibu tu."

Nilicheka. Halafu nikajuta kucheka. Mkewe, Ardis, alifariki majira mawili ya baridi yaliyopita. Binti yao yuko mbali, Oregon, na humpigia simu Jumapili.

Binti huyo ndiye aliyemnunulia zawadi ya kuruka mara moja, Verlin akiwa amefungwa kifuani mwa mwalimu. Verlin akarudi tena. Akasoma. Mwezi wa Juni, baada ya kuruka mara ishirini na tano na kufaulu mtihani, akapata leseni ya kuruka mwenyewe.

"Mara ya kwanza! Bia!" Brent Lasko, mmoja wa vijana wanaoruka hapa, akapiga kelele.

Hiyo ni desturi yetu. Ukifanya jambo lolote kwa mara ya kwanza, unaleta katoni ya bia. Verlin alileta mbili. Jioni ile hakuna aliyefurahi kumshinda.

Lakini baada ya leseni kuna upweke. Mwanafunzi ana mwalimu ubavuni. Ukishapata leseni, kila mtu anadhani unajitosheleza.

Verlin alikodi parachuti ya klabu. Ilikuwa kubwa, na ilishuka polepole. Brent na wenzake walikuwa na parachuti ndogo. Waliruka pamoja na Verlin, wakashikana mikono hewani, kisha wakaachana na kila mtu akafungua yake. Baada ya hapo wale vijana walishuka mbio. Walitua, wakacheka, wakaenda zao kwenye banda la ndege. Verlin bado yuko juu, ananing'inia.

Nilimwona kila wiki kutoka dirishani. Amekumbatia kitambaa cha parachuti yake, anatembea peke yake kando ya mahindi. Alipofika bandani, utani ulikuwa umekwisha.

"Mmesema nini?" aliuliza.

"Aa, ungekuwepo," walimjibu.

Hawakuwa watu wabaya. Ila hawakugeuka nyuma.

Na mimi je? Mimi nina parachuti yangu, iko ndani ya begi chini ya kaunta. Sijaruka miaka minne. Wenzangu wa zamani walihama, wengine magoti yaligoma. Begi hilo nalitumia kuwekea chakula cha mchana.

Jumamosi moja ya Agosti, Brent alikuja na begi jekundu mgongoni.

"Mzee wa Maziwa! Mali hii hapa, naiuza. Ni parachuti ya futi mia moja na hamsini za mraba."

"Si ndogo hiyo?" Verlin aliuliza.

"Utaizoea. Utakua nayo. Ukiwa na hii tutatua pamoja, bwana! Hutatuweka tukisubiri."

Tukisubiri! Hakuna aliyewahi kumsubiri. Lakini uso wa Verlin uling'aa, akaanza kutafuta pochi. Nikashindwa kunyamaza.

"Ipeleke kwanza kwa Marlys," nikasema.

"Corrine, wewe andika majina," Brent akasema.

"Naandika. Na la Verlin siliandiki na begi hilo mpaka Marlys alione."

Marlys Quist ni fundi wetu. Ana leseni ya kukagua, kushona na kufunga parachuti. Chumba chake kina meza ndefu na cherehani, na hakina kiti cha mgeni. Nikawafuata na kikombe cha kahawa, nikijifanya nampelekea.

"Livae," Marlys alimwambia Verlin. Akamkaza mikanda. "Sasa fumba macho. Shika mpini wa parachuti ya akiba."

Verlin alipapasa kifuani. Akapapasa tena. Mpini ulikuwa umeteleza hadi karibu na kwapa.

"Brent ni mrefu kuliko wewe," Marlys akasema. "Mikanda hii ilishonwa kwa mwili wake. Umepapasa sekunde tatu. Huko juu, kabla parachuti haijafunguka, sekunde tatu ni zaidi ya futi mia tano."

Akatoa kadi ndogo kwenye mfuko wa begi, akaisoma.

"Parachuti ya akiba inatakiwa ifunguliwe, ikaguliwe na kufungwa upya kila baada ya siku mia moja na themanini. Hii ina mwaka na nusu haijafunguliwa. Na unaona kidude hiki? Kazi yake ni kufungua parachuti ya akiba ukizimia angani. Muda wake umekwisha."

"Hayo yanatengenezeka," Verlin akasema.

"Yanatengenezeka. Hili ndilo halitengenezeki." Marlys akachukua penseli. "Una pauni ngapi?"

"Mia moja na tisini."

"Pamoja na nguo na vifaa vyote?"

"Mia mbili na kumi na tano."

"Gawanya kwa futi za parachuti. Mtu anayeanza asipite pauni moja kwa kila futi ya mraba. Wewe unahitaji futi mia mbili na ishirini hivi. Hii itakubebesha karibu pauni moja na nusu."

"Maana yake?"

"Maana yake itakimbia. Uko karibu na ardhi, unaona uzio mbele, unavuta kamba ya upande mmoja ili uukwepe. Itapiga mbizi kabla hujasema 'Mungu wangu'. Parachuti imefunguka vizuri kabisa juu ya kichwa chako, na chini mguu umevunjika. Watu wengi huumia hivyo."

"Brent amesema nitakua nayo."

"Mtoto hununuliwa kiatu kikubwa ili akue nacho. Kiatu kidogo hakikungoji, Verlin. Kinakubana leo leo."

"Mimi si mtoto!" Verlin akafoka. Akaanza kufungua mikanda. "Nyie hamjui. Nimechoka kutembea peke yangu! Nyumbani niko peke yangu. Barabarani niko peke yangu. Nikaja hapa, nikasema hapa kuna watu. Na huku nako nafika wamekwisha kucheka."

Nilitazama kahawa yangu. Maneno yale yalikuwa yangu pia, ila mimi sijawahi kuyasema.

Marlys akaweka penseli chini.

"Hilo sina cherehani ya kulishona," akasema polepole. "Lakini parachuti ndogo si dawa yake. Ukivunjika nyonga, watakuja kukuona hospitali Jumamosi moja. Jumamosi ya pili watakuwa wanaruka."

"Sasa nifanye nini?"

"Usinunue leo. Azima za ukubwa mbalimbali, uruke nazo, uone ipi inakutii. Ukipata begi lililotumika, lije kwangu kabla hujatoa pesa." Kisha akanigeukia. "Na wewe unayejifanya kuleta kahawa. La chini ya kaunta ni futi ngapi?"

"Mia mbili na thelathini," nikasema. "Lakini lina sandwichi juu yake."

"Anayeshuka polepole hutua na anayeshuka polepole. Ni hesabu tu."

Verlin alinitazama. Niliogopa, kusema kweli.

Brent aliporudishiwa begi lake alinuna. "Mzee kaogopa," akasema. Marlys akamwonyesha ile kadi. Brent akajikuna kichwa. "Kumbe! Wala sikuangalia."

Verlin aliruka Jumamosi tano na parachuti za kuazima. Ya futi mia mbili na kumi aliiona ina haraka. Ya mia mbili na thelathini ilimtii. Mama mmoja wa Iowa alikuwa anauza begi lenye parachuti kama hiyo. Lilikuja kwa Marlys kwanza. Akakagua kitambaa, kamba, kadi na kile kidude. Akamvisha Verlin na kumfumba macho. Mkono ukaenda moja kwa moja kwenye mpini. Hapo ndipo Verlin akalipa.

Mimi nilirudi darasani. Mtu aliyekaa miaka minne haamki tu akaruka. Nilifundishwa upya, nikaruka mara mbili na mwalimu. Marlys akafungua parachuti yangu ya akiba, akaikagua, akaifunga upya. Nilipimwa uzito pia. Namba hiyo siitaji hapa.

Oktoba, mahindi yalikuwa yamevunwa. Niliandika jina la Verlin Haugen. Chini yake nikaandika langu.

"Sasa dirishani atakaa nani?" Brent akauliza.

"Kaa wewe."

Tuliruka. Tuliposhikana mikono hewani, mashavu ya Verlin yalikuwa yanapepea, nikacheka peke yangu kama kichaa. Tukaachana. Parachuti zikafunguka. Chini yetu vijana walikuwa wamekwisha kutua, wanatembea kuelekea bandani. Sisi bado tuko juu, yeye kule na mimi huku, tunashuka taratibu.

Verlin akatua. Mimi nikatua baada yake, kwa makalio, kwenye mabua. Nikainamia kitambaa changu, nikakikusanya. Sikutaka kuinua kichwa. Nilijua nitaona nini: mgongo wa mtu anayeondoka.

Nikainua kichwa. Verlin alikuwa amesimama, parachuti yake mikononi, ananitazama. Alikuwa ananingoja.

"Leo si mimi niliyetua wa mwisho," akasema. "Ni mara ya kwanza."

Nikavuta pumzi, nikapiga kelele mpaka waliokuwa bandani wakageuka.

"Bia!"