Sare Iliyomkataa Kaka

Nyumbani kwetu cherehani huamka kabla ya watu. Baba na Mama ni mafundi wa kushona sare. Sare za manesi, za walinzi, za wahudumu wa hoteli. Sebule ndiyo karakana. Ukitaka kukaa kwenye kochi, kwanza umsogeze mlinzi, umkunje mhudumu, ndipo upate nafasi.

Kaka yangu tunamwita Henga, kama kile kitu cha kutundikia nguo kabatini. Hakulipata jina hilo bure. Nguo ikikamilika, Baba humwita.

"Henga! Njoo uvae tuone."

Kaka huvaa. Kila nguo humkaa kama ameshonewa yeye. Mimi nikivaa koti lile lile, naonekana kama mwavuli uliofungwa vibaya.

Basi, Kaka akamaliza shule. Ikaja fomu ya chuo. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa kuandika kozi. Siku ya mwisho ni Ijumaa, saa tisa alasiri. Ukichelewa, unasubiri mwaka mzima. Ukikosea, unasoma usichokipenda miaka miwili.

Jumatatu familia ikakaa kikao. Watu wengine wangemuuliza Kaka anapenda nini. Sisi tulimvalisha.

Tulianza na sare ya mlinzi. Bibi akamwambia ageuke.

"Vizuri," Bibi akasema. "Hata mwizi angesimama kwanza amtazame."

Ikafuata ya mhudumu wa hoteli. Baba akasifu kola. Kola aliikata mwenyewe. Halafu Kaka akavaa sare nyeupe ya nesi. Mama akashika kifua.

"Hapa ndipo penyewe! Mwanangu ni nesi."

"Mama, mimi naogopa sindano."

"Sindano? Si tunashinda nazo humu ndani tangu uzaliwe!"

"Hizo zinachoma kitambaa, Mama."

Baba alikuwa ameshafungua kalamu. Kaka aliitazama kalamu ile kama mbuzi anavyotazama kisu.

Mara tukasikia hodi. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili. Yeye ni mshauri wa wanafunzi pale chuoni. Alifuata sketi yake. Akaiona fomu, akamwona na Kaka ndani ya sare nyeupe.

"Jirani," akamwambia Mama, "mnampima kazi au mnampima mabega?"

"Si unaona alivyopendeza?"

"Naona. Lakini nikuulize, Fundi," akamgeukia Baba. "Mteja akileta kitambaa, unaanza kukata au unaanza kupima?"

Baba karibu akasirike. "Kupima! Ukikata kabla ya kupima, umeua kitambaa."

"Basi huyu kijana mnataka kumkata hajapimwa."

Baba akafunga kalamu.

Mshauri akamtazama Kaka. "Usipotumwa na mtu, wewe hupenda kufanya nini?"

"Kulala," nikadakia.

"Kasuku, nyamaza!" Mama akasema. Kasuku ni mimi.

"Sijui, mama," Kaka akamjibu Mshauri.

"Hukosei kutojua. Unakosea ukijaza fomu hujui. Una siku nne. Nenda ukaione kazi yenyewe, siyo nguo yake. Kaa na anayeifanya kutwa nzima. Muulize alisoma nini na nini kinamchosha. Uone na upande wake mchafu, maana kila kazi inao. Halafu ujiangalie wewe. Ni kitu gani kinakusahaulisha njaa? Na watu wakija kukuomba msaada, huwa wanaomba nini?"

Jumanne Mama akampeleka Kaka zahanati, kwa nesi mkuu, ambaye ni mteja wetu. Mimi nilikwenda kama shahidi. Mama alimvisha Kaka sare iliyopigwa pasi mpaka inakata.

"Vua hiyo," nesi mkuu akasema mlangoni. "Hapa sare huvaliwa na aliyesomea. Wewe leo ni mgeni."

Kaka akaivua, akakaa kwenye benchi la chanjo. Nesi alimchanja mtoto wa miaka minne. Mtoto hakulia. Kaka akaanguka, pu!

Mtoto akauliza, "Na yeye amechomwa?"

Tulimlaza, tukampepea. Baada ya muda akafungua macho. Hakuuliza yuko wapi. Alitazama sinki la pembeni.

"Hilo bomba limeanza kuvuja lini?"

"Mwezi sasa," nesi mkuu akasema. "Tunakinga kwa ndoo."

Kaka akainuka. Akaomba ruhusa, akafunga maji, akaazima spana kwa mlinzi. Akafungua koki, akatoa kampira kalikokwisha, akanituma dukani nilete kapya. Alipomaliza hapo akahamia choo ambacho maji yake yalikuwa hayakatiki. Saa sita chakula kikaja. Saa nane chakula kilikuwa bado kinamsubiri.

Nesi mkuu akafungua bomba, akafunga. Hakuna tone.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe hufai upande huu wa sinki. Wewe ni wa ule wa chini."

Nikiwa njiani nikakumbuka. Jirani zetu wakija kumtafuta Kaka, huwa wanasemaje? "Henga yupo? Koki yangu inavuja." Miaka yote tulikuwa tukimgombeza kwamba ni mtundu, anashika mabomba ya watu badala ya kusoma.

Mshauri aliposikia, akamwombea nafasi kwa fundi bomba anayemjua. Jumatano Kaka akashinda naye. Bahati yake, siku hiyo ilikuwa ya kuzibua mfereji wa maji machafu. Aliporudi, Mama alimsimamisha nje.

"Umeuona upande mchafu?" Mshauri akamuuliza kutoka mbali.

"Nimeuona, nimeunusa, na kidogo nimeumeza."

"Na kesho je?"

"Fundi ameniambia nirudi saa moja. Nitafika saa kumi na mbili na nusu. Ila anasema kubahatisha hakutoshi. Lazima nisome vipimo na michoro, nipate na cheti. Hesabu anazipiga kila siku."

Alhamisi akarudi na ovaroli ya kuazima. Akaivaa tuione. Hapo ndipo msiba ulipoingia. Kwa mara ya kwanza maishani, sare ilimkataa. Matako ya ovaroli yalifika magotini. Mabega yalitazama pande tofauti.

"Gunia la viazi," Bibi akasema.

Machozi yalimlenga Mama. "Umbo lote hilo likajifiche chini ya sinki! Watu watasema nini?"

"Watasema, 'Henga yupo?'" Kaka akajibu taratibu. "Mama, sare ya nesi ilinipendeza, nikaanguka. Hii hainipendezi, lakini nimesimama."

Baba akaivuta fomu. Nikadhani anaandika yeye. Akamsukumia Kaka kalamu.

"Kitambaa ni chako. Kata."

Kaka akaandika: Ufundi bomba. Ijumaa saa nane fomu ilikuwa chuoni.

Sasa yuko mwaka wa pili. Baba alipotaka kumshonea ovaroli, hakukimbilia futi. Alimuuliza kwanza. "Unapiga magoti mara ngapi kwa siku? Spana unaiweka wapi?" Akamwekea kitambaa mara mbili magotini na mfuko mrefu pajani. Wenzake chuoni wameiona, nao wanataka kama hiyo. Bibi bado anasema ni gunia.

Na juzi mteja mmoja alikuja na binti yake. "Nishonee koti la udaktari, nione kama atapendeza."

Mama akatoa pini mdomoni. "Keti kwanza, mama. Huyu binti akisahau chakula, huwa anafanya nini?"

Henga wa siku hizi ni mimi. Sare zote zinanikataa, mwavuli ni ule ule. Sina wasiwasi. Fomu yangu inakuja baada ya miaka miwili, na nimeshaanza kupima.