Besi ya Niyibizi

Rafiki yangu Nickson, mwenye studio kule Mwandiga, si mtu wa kutia chumvi. Kwaya ya wakimbizi wa Burundi ilikuja kurekodi na gitaa la besi la Niyibizi, mpigaji wao aliyezama ziwani walipokuwa wakikimbia. Kila wakiimba huliweka mahali alipokuwa akisimama, ndani ya mfuko.

"Mama Léoncie, si mmoja wenu alipige?" Nickson akamwuliza kiongozi wa kwaya.

"Hapana, mwanangu. Hilo lina mwenyewe."

Basi Nickson akaweka besi ya kompyuta. Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Studio haina dirisha, giza tupu. Kompyuta ikazimika, kwaya ikanyamaza.

Besi ikaendelea.

Nickson akapapasa hadi kwenye mfuko. Zipu ilikuwa imefungwa. Chini ya kiganja chake, nyuzi zilikuwa zinatetemeka.