Kitufe cha Kushusha

Dada alipiga simu saa kumi jioni. Hakumsalimia mdogo wake, hakumuuliza habari za kazi. Alisema kioo cha gari kimeanza kushuka chenyewe, upana wa kidole kimoja kila siku, na leo ni siku ya tatu. Aje akitengeneze kabla ya giza.

Fundi, ambaye gereji nzima walimwita Fyuzi kwa sababu hakawii kuungua, alishusha pumzi. Gari lenyewe halikuwa likienda popote. Tangu msiba wa shemeji, miezi minne sasa, lilikuwa limekalia matofali nyuma ya nyumba ya dada, magurudumu yameshatolewa. Madirisha yake matatu yalikufa zamani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyabana kwa skrubu yasishuke. La nne, la abiria wa mbele, ndilo pekee lililobaki na uhai, na sasa nalo limeanza. Angemtuma mwingine. Lakini dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamwogesha, akamsomesha, akamchapa alipostahili. Akaitia mota ya mtumba kwenye boksi la spana, akaenda.

Alimkuta dada kwenye kiti cha dereva, kitenge kimefunika magoti, chupa ya chai pembeni. Waya mrefu ulitoka dirisha la jikoni mpaka chini ya boneti. Chaja. Alimuuliza betri ya gari bovu anaichaji ya nini, na dada akajibu bila kugeuka kwamba kuna anayeihitaji.

Fyuzi akaweka boksi la spana kwenye majani, simu yake juu. Majirani walikuwa wameshamwambia. Walisema dada yako kila jioni anahamia garini, anaongea na marehemu mpaka usingizi umchukue. Walisema amekwenda kwa mganga, akaambiwa roho ya mumewe bado imo, na itabaki humo maadamu kioo kimefungwa. Fyuzi alikuwa amewacheka. Sasa alimtazama dada alivyokonda, shingo imebaki mishipa, hamu ya kucheka ikamtoka. Gari hili litamzika na yeye, aliwaza. Kama si leo, mwezi ujao.

Alishika mlango wa abiria aufungue, dada akapiga kelele kidogo.

"Huo haufunguliwi. Pita huku kwangu."

Kwa hiyo alipita kwa dada, akajikunja, akakaa kiti cha abiria kufungua kava la mlango uliofungwa. Kazi ya kuvunja mgongo. Na kiti kilikuwa cha baridi. Jua lilikuwa limekipiga mchana kutwa, usukani ulikuwa wa moto, lakini kiti kile kilimpenyeza baridi mpaka kiunoni.

Alijua kiti hiki. Asubuhi ile ya msiba ni yeye aliyeitwa kando ya barabara kufungua milango, kwa sababu gari lilikuwa limefungwa kwa ndani. Shemeji hakuwa kwenye usukani. Alikuwa amehamia hapa. Hana jeraha, macho wazi, kidole gumba kimekaza juu ya kitufe cha dirisha, upande wa kushusha. Fyuzi ndiye aliyekinasua kidole kile, kwa nguvu. Aliwaambia wazee kwamba maskini alikosa hewa, alikuwa anahangaika kufungua kioo. Kwa dada alisema tu kwamba alimkuta shemeji amelala.

Kava likatoka. Harufu ya waya ulioungua ikampiga usoni.

Mota ilikuwa nyeusi. Sasa mota ya dirisha haifi hivi hivi tu, na hata mwanafunzi wa gereji anajua. Huungua mtu anapobonyeza kitufe na asiachie, huku kioo kimekwama hakiendi. Hubonyeza, hubonyeza, mpaka ndani kunakuwa mkaa. Fyuzi alikigeuza kitufe kwenye mwanga. Mshale wa kupandisha ulikuwa mweupe, safi. Mshale wa kushusha ulikuwa umefutika kabisa, plastiki imelika ikafanya shimo la ukubwa wa kidole gumba.

"Dada. Nani anabonyeza hiki?"

"Mimi sikigusi," dada alisema. "Ni yeye. Likizama jua tu namsikia. Nnnn... nnnn... mpaka alfajiri. Basi najua yupo. Juzi akanyamaza, ndipo kioo kikaanza kushuka." Akaushika mkono wa mdogo wake. "Kifunge vizuri. Asije akatoka."

Moyo wa Fyuzi ulivunjika. Miezi minne! Miezi minne marehemu anaomba kutoka, anabonyeza kushusha usiku kucha, na mkewe anamchajia betri apate kuendelea kufungwa. Alimpenda shemeji. Walikuwa watani wakubwa, na kila akimtengenezea kitu shemeji alimwambia kwamba fundi na kesho ni chanda na pete. Akaamua palepale. Atakifungua kioo, shemeji aende zake, na dada arudi kulala kitandani.

Alifunga mota aliyokuja nayo, ya upande wa mlango huohuo, akaunganisha nyaya. Alibonyeza kupandisha. Kioo kikapanda taratibu, kikaziba ule uwazi wa vidole vitatu. Dada akashusha pumzi, machozi yakamtoka, akamwita mdogo wake baba, jina alilomwita tangu akiwa mtoto. Fyuzi alitaka kuyapangusa madoa ya kioo kwa kiganja, yale ya mstari mrefu, kama ya udongo. Hayakutoka. Yalikuwa upande wa nje.

Jua likazama.

"Nisamehe, dada," alisema. "Mwache aende."

Akabonyeza kushusha. Kioo kilishuka chote, mpaka mwisho.

Dada hakupiga kelele. Hakumshika. Alikuwa anakitazama kidole cha Fyuzi juu ya kitufe, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kukumbuka jambo.

"Kumbe umekirekebisha," alisema.

"Nini?"

"Kitufe. Mwaka jana ulifunga mota ya mlango mwingine, ikawa inazunguka kinyume. Ukasema utakuja kesho kugeuza nyaya, hukuja. Tukazoea. Ukitaka kufunga, unabonyeza kushusha."

Fyuzi aliinama. Aliiokota ile mota mbovu miguuni. Tepu nyekundu kwenye waya, tepu yake mwenyewe, na alama ya chaki ya upande wa kulia, ilhali mlango huu ni wa kushoto. Alikuwa amesahau. Magari mangapi yanapita mikononi mwa fundi kwa mwaka?

Shemeji hakuwa akihangaika kufungua.

Alikuwa anafunga.

Alihama usukani, akaja kwenye dirisha pekee lililoweza kushuka, akakifunga kioo kwa kidole chake mpaka akafa. Na alipokufa, hakuacha.

Nje, wadudu walinyamaza wote kwa pamoja. Harufu ya udongo uliofukuliwa, mbichi, wenye maji, ikaingia dirishani polepole. Na baridi ya kiti ikatoka. Fyuzi aliisikia ikimtoka mgongoni, ikimpita kifuani, ikitolewa nje kama nguo inayovutwa kutoka kwenye beseni. Kiti kikabaki na joto la kawaida.

"Wamemchukua," dada alinong'ona. "Hayupo tena."

Fyuzi alibonyeza kupandisha. Kioo kikaja juu, nusu, robo tatu... kikagota. Vimebaki vidole vitatu. Mota ikaguna. Nnnn... Hakuona mkono, hakuona kitu. Aliona ukungu ukitokea kwenye kioo, upande wa nje, ukififia, ukitokea tena. Pumzi ya mtu aliyesogeza mdomo karibu.

Aliachia kidole ili kupumzisha mota. Kioo kikashuka palepale, upana wa vidole viwili zaidi, kwa nguvu. Akabonyeza upesi. Kikarudi pale pale kilipokuwa, kikagota tena.

Dada alipoushika mlango wa dereva ili wakimbie, kioo cha upande wake kikagongwa. Taratibu. Ko... ko... ko. Akauondoa mkono. Fyuzi alinyoosha mguu akapiga honi kwa kisigino, mara tatu, kwa nguvu zake zote. Taa ya jirani ikawaka. Kisha ikazimwa. Simu yake ilikuwa juu ya boksi la spana, nje, kwenye majani, na aliiona ikiwaka na kuzimika, mtu fulani anampigia.

Majuto ni mjukuu, watu husema, lakini yake hayakungoja hata wajukuu. Angekuja ile kesho, dakika tano tu, akageuza nyaya mbili, asubuhi ile angekielewa kidole cha shemeji. Angelichoma gari hili moto na dada angelia wiki moja, kisha angekula, angelala, angeishi. Alitaka kumwambia hivyo. Alitaka kupiga magoti. Lakini hakuweza kusogea, kidole kilikuwa kazini.

Waliketi bega kwa bega. Giza lilikuwa limetanda, na ndani ya gari ilisikika mota peke yake.

"Alikuwa anatulinda," dada alisema. "Na mimi nilidhani ananiongelesha."

"Ndiyo, dada."

"Mpaka alfajiri. Kila siku alfajiri mota ilinyamaza, kumbe hicho kitu cha nje kilikuwa kinaondoka." Alikitazama kidole cha mdogo wake, kilivyokuwa cheupe kwa kukaza. "Hii mota yako itafika asubuhi?"

Fyuzi alizijua mota kuliko alivyoijua mistari ya kiganja chake. Mpya kabisa, ya boksini, ikibonyezwa bila kuachiwa huchukua dakika kumi, kumi na tano ikiwa na bahati. Hii aliitoa kwenye gari lililokufa. Shemeji aliendesha ya zamani miezi minne kwa nguvu ambazo si za umeme tu, na walio hai hawana nguvu hizo. Asubuhi ilikuwa mbali, zimebaki saa kumi na moja nzima au zaidi.

"Itafika," alisema. "Nimekufungia iliyo nzuri."

Dada akamwamini, kwa sababu alikuwa amemlea mwenyewe na hakumfundisha uongo. Akalaza kichwa begani mwake, akafumba macho. Hakusikia harufu ya waya ilipoanza, nyembamba, ikitoka ndani ya mlango.