Nilifuta Picha ya Mwisho Tu

Jioni ile nilitoka mara moja kwenda kwa fundi kuchukua gemu ya mtoto. Nenda rudi tu. Sufuria niliiacha jikoni, moto mdogo, mfuniko juu.

Ile gemu aliileta wifi yangu. Na wifi huyo, tangu niolewe na kaka yake, hajawahi kunipa hata pini. Leo amletee binti yangu gemu ya mkononi, yenye kioo na kalamu ya kuchorea? Usoni nilicheka. Moyoni nilisema, hapa pana jambo.

Fundi aliisukuma juu ya meza kwa ncha ya kidole.

"Kitufe nimebadilisha," alisema, kisha akashusha sauti. "Dada, hii programu ya kuchorea si ya kiwandani. Kuna mtu kaitengeneza mwenyewe, kwake nyumbani. Nilijaribu kuitoa..."

"Ikawaje?"

"Nenda nayo tu."

Akazima taa ya meza nikiwa bado nimesimama.

Nyumbani nilimkuta binti yangu ameshalala. Homa tena. Tangu gemu iingie ndani, homa haitoki. Na kitanda alinitaka nikisogeze mbali na dirisha. Ukimuuliza kwa nini, anajifunika shuka.

Nikakaa pembeni yake, nikaiwasha.

Alishanionyesha anavyochora. Anachora picha moja, anainakili, anafuta mkono peke yake na kuuchora juu kidogo. Tena. Na tena. Picha zikipita haraka, mtoto wa kwenye kioo anapunga mkono. Chumba hakichori upya. Kitanda, taa, dirisha, vyote vinajirudia kutoka picha ya kwanza.

Dirisha...

Nje ya dirisha palikuwa na mtu.

Mrefu, mweusi tii, amenipa mgongo. Nikarudi picha ya kwanza. Yupo. Nikaenda ya mwisho. Yupo.

Hasira zikanipanda. Wifi huyo! Nikachagua kifutio, nikamfuta palepale kwenye picha ya mwisho. Kichwa, mabega, miguu. Nikajisikia raha, sitaficha. Halafu nikabonyeza picha zicheze.

Mtoto anapunga mkono. Mtu amesimama. Amesimama. Amesimama.

Hayupo.

Nje, changarawe zikalia. Kra... kra... Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikaingia chumbani.

"Mama." Binti alikuwa macho. "Umemfuta kwenye picha zote?"

"Ya mwisho tu."

Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Hivyo si kumfuta," alinong'ona. "Mimi nikitaka mtoto ninayemchora aondoke pale alipo, ndivyo ninavyofanya."

"Ameondoka kwenda wapi?"

Alikuwa anautazama mlango wa jikoni.

Huko jikoni mfuniko wa sufuria ukawekwa chini. Haukuanguka.

Uliwekwa.

Jambo moja tu lilinijia: nimrudishe alipokuwa. Tangu shule sijachora mtu. Nilichora haraka haraka, kama achoravyo yeyote: kichwa, mabega, miguu, macho mawili.

Jikoni kukatulia. Harufu ikaisha. Nikamkumbatia mwanangu nikalia.

Simu ikaita. Wifi. Si kawaida yake kunipigia.

"Mtoto hajambo?"

"Umetuletea nini nyumbani kwangu, wewe?"

"Wifi, nisikilize. Nilimwambia mtoto achore chochote, ila dirisha aliache." Sauti yake ilikuwa chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na wa nyumbani mwake. "Yule hana shida akiwa pale. Miaka yote alikuwa kwangu, wala hakunigusa. Ila bado anatazama nje, sivyo?"

Nikaiinamia gemu.

"Wifi? Bado amewapa mgongo?"

Gemu ilikuwa mapajani, picha bado zinacheza, zinafika mwisho na kuanza upya.

Mgongo. Mgongo. Mgongo.

Macho.

Nikainua kalamu niyafute. Kisha nikakumbuka kufuta kunafanya nini, nikaishusha. Binti yangu alikuwa ameshasinzia, uso ameuelekeza dirishani, na wifi kwenye simu bado ananiuliza.