Mvuke wa Verna

Mapenzi nayajua kuliko mtu yeyote hapa Winnipeg, Kanada. Waulizeni waume zangu wawili. Mkiwapata nipeni na mimi namba zao, maana walikimbia bila kuaga. Ila ya Verna na Orest nayajua vizuri, kwa kuwa dirisha langu linatazama nyuma ya duka la Verna.

Walikutana Februari kwenye kituo cha basi cha Portage, watu wamebanana wakikwepa upepo. Verna, fundi cherehani, alivaa koti jekundu lenye ukosi wa manyoya ya mbweha. Orest, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, alikuwa mwembamba kama mabomba yake, kofia imemfunika masikio, kiberiti kimegoma.

"Dada, una moto?"

"Wa sigara au wa moyo?"

"Tuanze na wa sigara. Vidole vyangu vinaganda."

Wakavuta wote. Basi likapita, hawakuliona.

Majani yalipoanza kupukutika, kikohozi kilimpeleka Orest kwa daktari. Akatoka huko amenywea. "Verna mpenzi, tuache sigara pamoja, mimi na wewe." Verna akakubali, wakapeana mikono.

Orest aliacha kweli. Lakini mkono uliozoea kupeleka kitu mdomoni haukujua kutulia: ukaokota donati, ukaokota pirogi za mama yake, zile kama sambusa za viazi, zinazoogelea kwenye siagi. Kufika Krismasi alikuwa na kidevu cha pili. Verna je? Kiuno kilekile. Alikuwa akivuta kwa siri nyuma ya duka, na kwenye baridi yetu kila kinywa hufuka. Nani angejua upi ni moshi na upi ni mvuke?

Siku moja Orest akampigia simu. "Nimekupita hapo nyuma ya duka. Ulikuwa unafuka kama birika!"

"Mvuke tu, mpenzi. Si unaiona baridi hii?"

"Nilijua. Wewe huwezi kunifanyia hivyo."

Verna akaizima sigara.

Orest akaleta suruali ipanuliwe kiuno kwa mara ya tatu. "Umewezaje mwenzangu? Hujaongezeka hata kidogo."

"Natembea sana," akasema Verna, macho kwenye sindano.

"Basi mimi ni mlafi tu."

Alipoondoka, Verna aliufumua mshono ule akilia. Angesema neno moja, mwana wa watu angejua kwamba kunenepa kidogo ni kawaida ya wengi wanaoacha.

Orest akaacha kuja, akaacha kupiga. Mpaka Mei, simu ya Verna ikalia.

"Uko wapi?"

"Ndani, mzee wangu, nashona."

"Mbona cherehani siisikii?"

"Nimepumzika kidogo. Wewe ndiye umenisusa."

"Naona haya, Verna. Wewe una moyo, mimi nina tumbo. Nimenunua pakiti. Bora nikohoe, lakini niwe na umbo la kusimama nawe."

"Usiifungue! Orest, nakuomba, usiifungue!"

"Nipe sababu."

Verna akavuta pumzi, akaitoa.

"Na hicho kinachokutoka mdomoni ni nini?"

Akainua macho. Orest alikuwa pale uchochoroni nyuma ya duka, simu sikioni, pakiti mkononi, amevaa kaptula, shati limelowa jasho.

"Mvuke tu, mpenzi," mdomo wa Verna ukasema wenyewe. "Baridi hii."

Nilikuwa dirishani na feni yangu. Nikaizima nisikie vizuri.

"Miezi yote hiyo najiita mlafi!"

"Niliogopa kunenepa. Nikaona aibu kukwambia, halafu aibu ikazaa aibu. Nimekukosea, Orest. Kila suruali niliyokupanulia ilinichoma."

Sigara ikamwunguza Verna vidole. Orest akaitupa pakiti yake kwenye pipa la taka, haijafunguliwa, akanyoosha kiganja. Verna akampa pakiti yake.

"Nitavimba, Orest."

"Si wewe ndiye bingwa wa kupanua? Gauni la harusi lishone lenye nafasi."

Verna akacheka huku analia. "Ila kuanzia leo, uongo basi."

"Basi kabisa. Mimi mwenyewe donati sijagusa tangu Jumapili."

Verna akamtazama, akanyoosha kidole, akamfuta sukari kwenye masharubu.