Oili Chafu na Sanduku la Mboga

"Weka hiyo brashi chini, Baba Joyline! Hutapaka oili kwenye chakula cha mtoto wangu!"

"Chakula gani? Hii ni mbao. Na mchwa wa hapa Mutuini hawana adabu. Si hata fremu ya mlango wamekula?"

Zadock hakusimamisha mkono. Alikuwa amejenga fensi miaka kumi na miwili. Kila nguzo aliipaka oili chafu ya gari, na hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Leo mkewe, Nakhumicha, alitaka kumfundisha kazi! Tayari mbao mbili zilikuwa nyeusi tititi.

Mambo yalianzia kliniki. Joyline, binti yao wa miaka minne, alipimwa akakutwa na upungufu wa damu. Muuguzi alimpa dawa, akasema pia ale mboga za majani kila siku. Lakini uwanja wa ploti yao ulikuwa saruji na mawe tu. Ndipo mwenye nyumba akawaruhusu waweke sanduku la mbao, wapande mboga za managu na terere ndani yake.

"Munyiva! Njoo uamue!" Nakhumicha aliita.

Jirani yao Munyiva alikuwa amesomea kilimo. Aliingia akijifuta mikono kwa leso. Alinusa mara moja tu.

"Fundi, nguzo ya fensi unaila?"

"Hapana."

"Mboga utakula. Oili hiyo imebeba uchafu wote wa injini. Ukinyunyiza maji, inashuka kwenye udongo. Kisha huo udongo ndio unamlisha Joyline."

"Basi tuwalishe mchwa?"

"Nani amesema? Lipe sanduku miguu. Kila mguu ukae juu ya jiwe, na sanduku lisiguse ukuta. Mchwa akitaka kupanda, atajenga njia ya udongo kwenye mguu. Utaiona. Ikwangue kila Jumamosi. Chini toboa mashimo, maji yasituame. Kina, futi moja. Upana, mkono wa mama ufike katikati bila shida. Na samadi iwe imeoza vizuri. Ile mbichi inaunguza mizizi."

"Sawa. Hizi mbili nitazipangusa."

"Mbao imeshakunywa, fundi. Utapangusa nini?"

Zadock alizigeuza zile mbao mbili. Nyingine za kuchukua nafasi yake hakuwa nazo. Akifunika weusi ule kwa nailoni, nani atajua?

Akamtazama Joyline. Zamani mlio wa nyundo ulimtoa nje mbio. Leo alikaa kizingitini, kichwa ameegemeza mlangoni, hata kuinuka hakutaka.

Zadock alizibeba zile mbao nyeusi hadi getini. Hizo zitakwenda kwenye fensi. Kisha akaiendea meza yake ya kazi. Aliitengeneza mwenyewe kwa mbao safi za saiprasi, zisizopakwa kitu. Nakhumicha hakuruhusiwa kuweka hata beseni juu yake.

"Baba Joyline! Si hiyo ni meza yako?"

"Nitatengeneza nyingine. Shika upande ule."

Akaingiza makucha ya nyundo chini ya ubao. Msumari wa kwanza ulilia, ukatoka.

Kabla jua halijatua, sanduku lilisimama juu ya mawe manne. Nakhumicha akainua beseni lake, akamimina udongo wa kwanza.